Mbio za bunduki nyepesi: Gramu zikipungua, nani hulipa?

KILA mwezi Januari, watengenezaji wa bunduki kutoka Marekani na nchi nyingine hukutana mjini Las Vegas katika maonyesho ya biashara yajulikanayo kama SHOT Show. Miongoni mwa mambo wanayoshindania katika miaka ya karibuni ni uzito wa bunduki ya kuwindia, na mshindi ni yule mwenye bunduki nyepesi kuliko ya mwenzake.

Bunduki inayozungumziwa ni ile ya komeo, ambayo mwindaji huvuta na kusukuma komeo kwa mkono ili kutoa ganda na kuingiza risasi nyingine. Kwa miongo mingi silaha hiyo, ikiwa na darubini yake, ilikuwa na uzito wa karibu kilo 4. Leo zipo ambazo kabla ya kufungwa darubini hazifiki kilo 2.3.

Hamu ya kupunguza uzito si ngeni. Mwaka 1952 kampuni ya Winchester ilitoa toleo la bunduki yake ya Model 70 na kuliita Featherweight, jina linalolinganisha uzito wake na unyoya. Hata hivyo, mapinduzi yenyewe yalikuja miaka ya 1980, pale Melvin Forbes, fundi wa jimbo la West Virginia, alipotengeneza bunduki ya takriban kilo 2.3 kwa kutumia kitako cha nyuzi za kevla na kaboni badala ya mbao.

Forbes hakuchukua bunduki nzito na kuikwangua. Aliupima upya mwili wa bunduki, yaani kile chuma kinachobeba komeo na kushika mtutu, ukalingana na urefu wa risasi iliyokusudiwa. Kampuni kubwa zilichukua miaka mingi kuifuata njia hiyo.

Mwaka 2012 kampuni ya Kimber iliingiza sokoni bunduki ya Mountain Ascent, iliyotajwa kuwa na uzito wa pauni 4 na aunsi 13, sawa na kilo 2.2 hivi. Baadaye Weatherby, iliyohama California mwaka 2019 na kwenda Sheridan katika jimbo la Wyoming, ilitoa bunduki yenye mwili wa titani na uzito wa chini ya pauni 5. Christensen Arms ya Utah na Proof Research ya Montana nazo zimejijengea jina kwa mitutu membamba ya chuma iliyozungushiwa nyuzi za kaboni.

Siri ya wepesi huo imo katika mahesabu ya malighafi. Titani ina uzito wa gramu 4.5 kwa kila sentimita ya ujazo, wakati chuma cha pua kina karibu gramu 8. Kitako cha kaboni huachwa na uwazi ndani au hujazwa povu gumu. Komeo huchongwa mifereji, na mtutu hufanywa mwembamba na mfupi.

Kwa mwindaji wa milimani faida yake ni dhahiri. Anayemfuata kondoo mwitu katika milima ya Alaska hutembea siku kadhaa akiwa na hema, chakula na silaha mgongoni, na akifanikiwa hurudi na mzigo wa nyama juu yake. Safari ya namna hiyo, pamoja na mwongozaji, huweza kugharimu zaidi ya dola 20,000. Aliyekwisha kutoa fedha hizo haoni taabu kuongeza dola 3,000 kwa ajili ya bunduki isiyomchosha.

Tatizo ni kwamba uzito katika bunduki una kazi yake. Baruti inapolipuka, risasi huenda mbele na bunduki hurudi nyuma. Kwa risasi ileile, uzito wa bunduki ukipungua kwa nusu, nishati ya teke linalompata mpigaji begani huwa maradufu. Hiyo ni kanuni ya fizikia, na hakuna kiwanda kinachoweza kuibatilisha.

Mpigaji anayeumia hujifunza kuogopa. Hufumba macho na kushtua kidole kabla ya mlio, na risasi hukosa shabaha. Aidha, bunduki nyepesi haitulii mkononi. Kifyatulio cha kawaida huhitaji nguvu inayolingana na uzito wa kilo 1.5 hivi ili kifyatuke. Kwenye bunduki ya kilo 2.2, kosa dogo la kidole hutosha kuuhamisha mdomo wa mtutu.

Mtutu mwembamba nao hupata moto haraka. Baada ya risasi tatu au nne za mfululizo, zinazofuata huweza kuanza kutawanyika. Wengine hufunga kifaa mdomoni mwa mtutu ili kupunguza teke, lakini kifaa hicho huelekeza kishindo pembeni na nyuma. Mlio wa bunduki ya kuwindia huzidi desibeli 140, kiwango kinachoweza kuharibu masikio papo hapo. Anayeathirika zaidi ni mwongozaji au mbeba mizigo aliyesimama kando.

Mwaka uleule wa 2012 kampuni ya Ruger ilianza kuuza bunduki yake ya Ruger American kwa bei ya chini ya dola 500, ikiwa na uzito wa karibu kilo 2.8. Ile ya Kimber iliuzwa kwa takriban dola 2,000. Tofauti ya uzito ilikuwa kama gramu 600, zaidi kidogo ya chupa ya maji ya nusu lita. Kwa hiyo mnunuzi alilipa karibu dola 1,500 ili kuepuka mzigo ambao wengi wangeweza kuupunguza kwa kupanga upya mkoba wao.

Kwa Afrika Mashariki hoja hii ina historia yake. Mskoti W. D. M. Bell, aliyepewa jina la "Karamojo" kutokana na safari zake za Karamoja, kaskazini mashariki mwa Uganda, mwanzoni mwa karne iliyopita, aliua tembo zaidi ya 1,000. Wengi kati yao aliwaua kwa bunduki nyepesi ya komeo, kaliba .275, iliyouzwa na Rigby ya London na kujengwa juu ya mtambo wa Mauser wa Ujerumani.

Hadi leo wapenzi wa bunduki nyepesi humtaja Bell kama ushahidi wao. Wanachosahau ni kwamba alikuwa hodari wa shabaha aliyejifunza kwa makini mahali ulipo ubongo wa tembo ndani ya fuvu, na alifanya kazi hiyo kwa miaka mingi. Ustadi wake haukuuzwa pamoja na bunduki. Na tembo waliolipa gharama ya masomo yake hawakuhesabiwa na mtu mwingine.

Sheria za sasa zimechukua mkondo tofauti. Kenya ilipiga marufuku uwindaji mwaka 1977. Tanzania, ambayo bado inauruhusu uwindaji wa kitalii, inataka kaliba isiyopungua .375 kwa wanyama hatari kama nyati na tembo. Risasi ya .375 iliyobuniwa na Holland & Holland mwaka 1912 kwa kawaida hutumiwa katika bunduki za kilo 4 au zaidi. Ukiipiga kwa bunduki ya kilo 2.2, bega la mpigaji ndilo litakalotoa ushahidi.

Hapo ndipo mjadala unapoacha kuwa wa matajiri wa Las Vegas. Nyati aliyejeruhiwa huingia kichakani na kusubiri. Wanaomfuata ni mwindaji bingwa, askari wa wanyamapori na mfuatiliaji nyayo, ambaye mara nyingi ni mwanakijiji anayetegemea ujira wa msimu. Mgeni mwenye bunduki ya gharama huweza kubaki garini.

Ni kweli kwamba mlimani, kwa risasi moja au mbili zinazopigwa na mtu aliyefanya mazoezi, bunduki nyepesi ni chombo kizuri. Kosa ni kuiuza kama jibu la kila safari na kila mnyama, huku uzito ukitajwa katika matangazo kwa herufi kubwa na teke likiachwa mnunuzi aligundue mwenyewe.

Wahenga walisema mbio za sakafuni huishia ukingoni. Mbio za gramu nazo zina ukingo wake: ni pale ambapo mpigaji hawezi tena kuitawala silaha aliyoibeba kwa urahisi. Waongozaji wanaomtaka mgeni apige shabaha kambini kabla ya kwenda porini wanaujua ukingo huo. Mgeni asiyeweza kupiga risasi tatu mahali pamoja bila kushtuka anastahili kupewa bunduki nzito zaidi, hata kama aliyokuja nayo imemgharimu dola 3,000.