Mtambo Unaujua, Karatasi Iko Wapi?

Vijana wa Thika na Ruiru, tuambiane ukweli. Barabara kuu ya Thika ilipofunguliwa 2012, kazi ya mitambo haikuisha. Tatu City pale Ruiru bado inajengwa. Greda na eskaveta zipo, na madereva wetu ni wakali. Lakini ukiomba kusimamia kikosi, unaulizwa vyeti, si miaka uliyokaa mtamboni.

Sasa sikia. Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 51, inamtaka mwajiri akupe cheti cha utumishi unapoondoka, mradi umefanya kazi wiki 4 mfululizo. Kinaonyesha ulifanya kazi gani, wapi, tangu lini hadi lini. Si hisani hiyo, ni haki yako. Ukishakipata, nenda NITA ukafanye mtihani wa ufundi, upande daraja la 3 hadi la 1.

Nanyi wanakandarasi, kifungu cha 5 kinakataza ubaguzi wa kabila na dini, hata kwenye kupandisha cheo. Usimamizi apewe anayeiweza kazi.

Mjengo ukiisha, usitoke getini mikono mitupu. Dai cheti chako!