Damu Haiuzwi, Hutolewa



Tumeulizwa: je, mwenye kutoa damu alipwe? Jibu letu ni hapana. Imepokewa na Bukhari kutoka kwa Abu Juhayfa (r.a.) kwamba Mtume (s.a.w.) alikataza thamani ya damu. Wapo wanazuoni walioifasiri kuwa ni ujira wa kuumika. Lakini mwaka 1989 Baraza la Fiqhi la Rabita, Makka, liliamua kuwa kuuza damu hakujuzu. Mgonjwa aliyekosa mtoaji akilazimika kununua, dhambi ni ya aliyepokea fedha.

Hekima ya katazo hilo i wazi mkoani kwetu. Utafiti wa taifa wa 2022/23 ulionyesha kuwa asilimia 12.7 ya watu wazima wa Njombe wana VVU, kiwango kilichopita cha mikoa yote. Damu hupimwa, lakini maambukizi machanga huweza kupita bila kuonekana. Mwenye kutafuta fedha ana sababu ya kuficha hali yake. Mwenye kutafuta radhi za Allah hana.

Lakini kukataza kuuza, kisha tusitoe, ni kumwacha mgonjwa afe. Makambako ni njiapanda ya Mbeya na Songea. Majeruhi wa ajali, na mzazi anayetokwa damu, hawasubiri jamaa watafutwe. Mwanamume mwenye afya aweza kutoa kila miezi 3, mwanamke kila miezi 4. Maimamu wawaalike wahudumu wa Damu Salama baada ya Ijumaa, na waanze wao.

Wabillahi tawfiq.