Maji Mang'avu Yanayoua Samaki

Mara nyingi katika ukurasa huu tumesifu usafi wa nyumba. Leo nalazimika kusema neno ambalo halitawapendeza wakaguzi wa nyumba za kambini: upo usafi unaoua.

Miezi mitatu iliyopita alinijia mama mmoja, mke wa sajini wa polisi hapa Kampala, pamoja na binti yake wa miaka minane. Mtoto alishika mkebe, na ndani yake samaki wawili wa dhahabu waliokufa. "Mwalimu," akasema mama, "hawa ni wa tano na wa sita. Kila Jumamosi namwaga maji yote, nasugua kioo kwa sabuni, naosha kokoto na sponji ya pampu hadi vitakate, kisha natia maji mapya ya bomba. Kwa nini wanakufa?" Mtoto alitaka kujua jambo moja tu: kama ni yeye aliyewalisha vibaya.

Hakuwa yeye.

Samaki huyu, ambaye Wachina walianza kumfuga kwa uzuri wake zaidi ya miaka 1,000 iliyopita, ni mlaji sana, na kwa hiyo ni mchafuzi sana. Kwa matamvua yake na kwa kinyesi chake hutoa amonia, sumu isiyo na rangi. Maji yaweza kung'aa kama kioo ilhali yanamchoma samaki. Wako bakteria waigeuzao amonia kuwa nitriti, ambayo nayo ni sumu, maana huizuia damu kuchukua oksijeni. Bakteria wengine huigeuza nitriti kuwa nitreti, isiyodhuru sana ila ikirundikana. Viumbe hao hukaa hasa katika sponji na juu ya kokoto, nao huhitaji majuma manne hadi sita ili waongezeke vya kutosha. Mama yule alikuwa akiwaondoa kila Jumamosi, kama askari aondolewaye lindoni kabla mwenzake hajafika.

Kosa la pili lilikuwa katika bomba. Maji ya Kampala huvutwa kutoka ziwani, husafishwa, na hutiwa klorini ili tusiugue matumbo. Klorini iyo hiyo huunguza matamvua na huua bakteria wale. Ukiyaacha maji katika ndoo iliyo wazi kwa muda wa saa 24, klorini ya kawaida hutoka. Lakini mahali ambapo maji hutiwa klorini iliyoungana na amonia, kungoja hakutoshi. Hapo hutakiwa dawa ya kuondoa klorini, ambayo wauza samaki huwa nayo.

Tangi lake lilikuwa la lita 30. Nilimshauri anunue la lita 80, na aanze na samaki mmoja. Kila juma atoe robo ya maji, akifyonza uchafu wa chini kwa mpira, kisha ajaze maji yaliyolazwa, yasiyo baridi kuliko yale ya tangini. Sponji isuuzwe ndani ya maji yaliyotolewa tangini, kamwe isipitishwe bombani wala kuguswa na sabuni. Chakula kiwe kile kinachoisha kwa dakika mbili; kinachobaki huoza na kuzaa amonia. Asubuhi samaki akionekana akihema juu ya maji, asingoje Jumamosi, bali abadilishe nusu ya maji siku ile ile. Viko pia vijikaratasi vya kupimia amonia na nitriti, na katika majuma ya kwanza vina faida kuliko macho yetu.

Tena, anayechoka kufuga asimwage samaki mtoni wala ziwani. Ziwa letu limekwisha kupata wageni wa kutosha.

Binti huandika katika daftari tarehe ya kila ndoo. Samaki yu hai juma la kumi sasa. Mama anasema kwamba Jumamosi mikono humwasha, akiitazama sponji ile ya rangi ya tope. Siku ya ukaguzi afande mmoja aliuliza kwa nini chombo kile hakijaoshwa, na mtoto ndiye aliyemjibu.