Hofu Si Mwalimu wa Karani

Bwana Mhariri,

Naomba nafasi katika gazeti letu nimjibu mzee wangu mmoja aliyesimama katika mkutano wa chama akasema kwamba kazi za ofisi zimeharibika kwa sababu makarani wa siku hizi hawaogopi. Alisema zamani karani akikosea tarakimu moja alitetemeka hata magoti, na kwa hiyo vitabu vilikuwa safi. Wengi walimpigia makofi. Mimi sikupiga, wala sikusema neno, kwa kuwa si adabu kijana kumkatiza mzee mbele za watu. Lakini kunyamaza kwangu kumeniuma, na leo nasema kwa kalamu lile nililoshindwa kulisema kwa kinywa.

Nasema hivi: ofisi imwadhibuyo mtu kwa kulitaja kosa lake haipunguzi makosa hata moja. Hupunguza habari za makosa tu. Bwana mkubwa hukaa katika kiti chake akiona vitabu vi safi, kumbe uchafu umo katika mitoto ya meza, umefungiwa kwa ufunguo.

Nalijua jambo hili kwa kuwa ufunguo mmoja ulikuwa wangu. Miaka kadhaa iliyopita, katika ofisi ambayo sitaitaja, nililetewa jalada la mama mjane aliyekuwa akidai mafao ya marehemu mumewe. Nikaandika namba ya jalada jingine juu ya barua, na karatasi zake zikaenda zisikotakiwa. Siku ya tatu nikaligundua kosa langu. Lakini wiki ile ile mwenzangu mmoja alikuwa amekaripiwa mbele ya tarishi na wageni kwa kukosea tarehe, kisha akapewa barua ya kujieleza. Nikaona afadhali ninyamaze, huenda karatasi zikarudi zenyewe.

Hazikurudi. Mama yule alikuja miezi minane. Hutoka kijijini alfajiri, akaketi katika benchi, nami nikipita huniamkia, "Mwangaluka, mwanangu. Jalada langu limefika wapi?" Nami hujibu, "Mwangaluka, mayu. Bado halijarudi." Neno hilo lilikuwa kweli, na lilikuwa uwongo. Mwezi wa tisa akaja mkubwa mwingine. Siku moja nikaingia kwake nikamweleza yote, nikingojea kufukuzwa. Aliniuliza mambo mawili tu: "Kosa uliligundua lini?" na "Ni kitu gani kingalikuonya kabla barua haijatoka?" Siku ya tisa jalada likapatikana. Tangu hapo ikawa desturi ya ofisi ile kwamba kabla ya barua kutiwa katika bahasha, karani mmoja husoma namba kwa sauti na mwingine hulinganisha na jalada. Kosa lile halikutokea tena muda wote niliokuwa pale.

Sasa namwuliza mzee wangu: ni yupi kati ya wakubwa hao wawili aliyenifundisha kazi? Yule wa kwanza nilimwogopa kama simba, na chini ya hofu yake mjane alikaa miezi minane bila fedha. Yule wa pili sikumwogopa, lakini mpaka leo siwezi kuandika namba ya jalada bila kuitazama mara mbili.

Huenda mtu akasema hayo ni mambo madogo ya karatasi. Basi na tutoke nje ya ofisi. Sisi wa Songwa twaishi jirani na Mwadui, mahali ambapo Dr. John Williamson, mtu wa Kanada, aligundua almasi mwaka 1940. Tarehe 7 Novemba 2022 ukuta wa bwawa la tope la mgodi huo ulibomoka, tope likatoka nje ya mipaka likafunika nyumba na mashamba ya watu. Kwa rehema ya Mungu hakufa mtu. Sisemi nani alikosa, maana si kazi yangu kuhukumu. Nalitaja kwa kuwa twajua sote tope hilo ni kitu gani, na kwa kuwa mabwawa ya namna hiyo yamewafundisha wenye migodi duniani jambo ambalo ofisi zetu hazijajifunza.

Mwezi Januari 2019 bwawa la Brumadinho, katika nchi ya Brazil, lilibomoka likaua watu 270. Miezi michache kabla yake lilikuwa limepewa hati ya kuonyesha kwamba li salama. Mwaka uliofuata, mwezi Agosti 2020, ikatolewa kanuni ya dunia nzima ya kutunza mabwawa ya tope. Mtu angedhani kanuni hiyo husema juu ya kuta na vipimo peke yake. Sivyo. Ndani yake mna fungu zima litakalo mgodi ulee desturi ya kujifunza na kutambua hatari mapema, na fungu jingine litakalo asemaye hatari alindwe asiadhibiwe. Mabingwa wa mahesabu wameona kwamba hati haitoshi ikiwa kibarua aonaye ufa anaogopa kuutaja. Wazee wetu walikwisha kusema kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta. Lakini ni nani atakayeziba ufa usiotajwa?

Na katika Ziwa letu mambo yamekuwa mazito zaidi, tena yanatuhusu makarani hasa, kwa kuwa ni mambo ya orodha. Tarehe 21 Mei 1996 meli ya MV Bukoba ilipinduka karibu na Mwanza. Ilikuwa meli ya abiria 430. Orodha ilionyesha abiria 443 wa daraja la kwanza na la pili peke yao, na wa daraja la tatu hawakuwa na orodha. Ndiyo sababu hata leo hesabu ya waliokufa si moja, ingawa mara nyingi husemwa kuwa walizidi 800. Ikapita miaka 22. Tarehe 20 Septemba 2018 kivuko cha MV Nyerere, kilichowekwa kuchukua watu 101, kilipinduka karibu na Ukara. Wakafa watu 228. Hapo napo ilikuwa taabu kubwa kujua waliopanda walikuwa wangapi.

Mara zote mbili watu walitiwa mbaroni, wala sisemi kwamba haikustahili. Nauliza tu: adhabu ya mwaka 1996 ilimfundisha nini karani wa tiketi wa mwaka 2018? Namfikiria mtu huyo gatini, mshahara wake mdogo kama wetu, watu wamejaa na magunia yao. Aonapo wamezidi, amwambie nani? Na akisha kusema, kesho atakuwa na kazi? Maadam maswali hayo hayana jibu, ataendelea kukata tiketi.

Najua jibu la mzee wangu. Atasema, "Kijana, wataka kuwafungulia mlango wezi. Kila mla fedha ya serikali atasema alikosea." Hoja hiyo ina nguvu, na nitaijibu kwa mfano. Huko Marekani, tangu mwaka 1976, iko ofisi ipokeayo taarifa za makosa ya marubani na watu wa viwanja vya ndege. Rubani akikosea bila kukusudia, huandika habari zake katika muda wa siku 10, na adhabu ya kosa hilo huondolewa. Kazi ya kupokea taarifa haikupewa wale wenye mamlaka ya kuadhibu, ilipewa NASA, na majina ya walioandika hufichwa. Lakini kosa la jinai halina msamaha huo. Hivyo wametenga vitu viwili ambavyo sisi twavichanganya: aliyekosea na aliyeiba. Tena nasema kwamba mwizi hustawi mahali pa hofu, kwa maana pale ambapo kila mtu ana kosa alilolificha, hapana atakayethubutu kumtaja mwenziwe.

Kuna na jambo jingine la kuwashangaza wapenda vitabu safi. Profesa Amy Edmondson wa Marekani alichunguza makosa ya dawa katika hospitali katika miaka ya 1990, akitazamia kwamba vikundi vya wauguzi vyenye maelewano mazuri vitakuwa na makosa machache. Akakuta vimeandika makosa mengi zaidi. Alipozidi kuchunguza akatambua sababu: huko watu walithubutu kuyasema. Basi Bwana Mkaguzi akute ofisi isiyo na kosa hata moja mwaka mzima, asiisifu upesi. Aombe ufunguo wa mitoto ya meza.

Ndugu zangu, lawama hii si ya mabwana wakubwa peke yao. Sisi tulio hapa katikati twawafanyia walio chini yetu yale yale tunayoyalalamikia. Tarishi akileta barua kwa kuchelewa twamfokea kabla hajafungua kinywa. Karani mgeni akiuliza mara ya pili twamcheka. Kisha twashangaa kwamba haulizi mara ya tatu, na kwamba mara ya nne ameharibu.

Makarani wenzetu waliounda chama cha watumishi Waafrika kule Tanga mwaka 1922, akiwapo Martin Kayamba, walitaka mtumishi Mwafrika aheshimiwe katika kazi. Heshima hiyo haijatimia ikiwa karani mwenye cheti bado hujificha kama mtoto aliyevunja chungu. Kwa hiyo natoa maombi matatu mbele ya chama chetu.

Kwanza, chama kiwaombe wakuu wa ofisi kwamba mtu alitajaye kosa lake mwenyewe kabla halijagunduliwa, nalo si la wizi wala la makusudi, asipewe barua ya kujieleza. Aulizwe maswali yale mawili niliyoulizwa mimi.

Pili, kila ofisi iwe na daftari la makosa, liandikwe kosa, chanzo chake na dawa yake, bila jina la mtu, nalo lisomwe mara moja kila mwezi.

Tatu, wa kwanza kuandika katika daftari hilo awe mkubwa wa ofisi. Asipoandika yeye, wa chini hawataandika.

Namheshimu mzee wangu, na kama nimekosa kumjibu hadharani nipo tayari kukosolewa naye katika kurasa hizi hizi. Lakini katika mkutano ujao nitasimama. Mama yule alipopata fedha zake alinishukuru kwa mikono miwili, akidhani ni mimi niliyemsaidia. Sikumwambia. Hilo ndilo kosa langu ambalo bado halijaandikwa katika daftari lolote, ila hapa.

Ndimi mwenzenu katika kazi,

Karani, Songwa