Tiketi ya Boston, Mechi Foxborough

Ratiba ya Kombe la Dunia la 2026 inataja miji 16, lakini majina hayo yanaweza kumpoteza shabiki anayepanga safari. Mechi za Boston ni za Foxborough, zaidi ya kilomita 30 kutoka katikati ya jiji. Za San Francisco ziko Santa Clara, jirani na San Jose. Hata fainali ya Julai 19 iko East Rutherford, New Jersey, ng'ambo ya mto Hudson: anayetoka New York kwa treni hubadilishia Secaucus.

Basi chumba kitafutwe karibu na stesheni.

Waandaaji nao wana wajibu. Qatar, mwaka 2022, mwenye kadi ya Hayya, kitambulisho cha shabiki, alipanda metro bure. Marekani nako, nauli ya kwenda na kurudi uwanjani itangazwe siku ileile tiketi zinapoanza kuuzwa.