Vitendanishi vikiisha, ubora wa majibu usipungue

“Daktari, maabara wanasema vitendanishi vimeisha. Sasa mwanangu atatibiwaje?” Swali hili naulizwa mara kwa mara. Wazazi wengi hushangaa nikiwaambia kuwa maabara iliyosema ukweli huo imewatendea haki.

Uhaba si wa kwetu peke yetu. Julai 2024, hospitali za Marekani zilipungukiwa chupa za kuoteshea damu, kipimo kinachoonesha bakteria walioingia kwenye damu na dawa inayoweza kuwaua. Kituo cha Kudhibiti na Kuzuia Magonjwa cha nchi hiyo (CDC) kilishauri wapimwe kwanza wanaohitaji zaidi, ngozi isafishwe vizuri kabla ya kutoa damu, na chupa ijazwe kiwango kinachotakiwa. Chupa iliyoingia bakteria wa ngozini ni chupa iliyopotea, na mgonjwa huishia kupewa antibiotiki asizozihitaji.

Stoo inapokauka, vishawishi huwa vingi. Kabla ya kupima wagonjwa, mashine hujaribiwa kwa sampuli ya udhibiti ambayo majibu yake yanajulikana. Yakitoka tofauti, wagonjwa husubiri hadi kasoro ipatikane. Sampuli hiyo nayo hutumia vitendanishi, kwa hiyo uhaba ukibana ndiyo ya kwanza kuonekana anasa. Si anasa. Mtoto anayeharisha akipewa majibu ya potasiamu yasiyo sahihi, anaweza kuwekewa dripu isiyomfaa na moyo wake ukadhurika. Afadhali kuambiwa “leo hatupimi” kuliko kupewa namba ya kubahatisha.

Hata hivyo, kusema “hatuna” hakutoshi. Hospitali inapaswa kuwa na mpango ulioandikwa: nani anapimwa kwanza, sampuli inapelekwa maabara ipi, majibu yanarudi lini. Na stoo isisubiri rafu iwe tupu ndipo iagize. Mama mwenye mtoto mgonjwa mgongoni asikabidhiwe karatasi akazunguke mjini kutafuta kipimo.

Nawe mzazi una nafasi yako. Uliza: Kipimo hiki kitabadilisha matibabu? Kama hakipo, kinapatikana wapi? Majibu nitayapata lini? Pia usishinikize mtoto arudiwe kipimo cha haraka cha malaria siku chache baada ya kumaliza dawa. Vipimo vingi vya aina hiyo huweza kuendelea kuonesha malaria kwa wiki kadhaa hata kama vimelea vimekwisha. Homa ikiendelea, mrudishe kwa daktari. Huenda akahitaji kipimo cha hadubini, au ana ugonjwa mwingine.

Jambo moja halisubiri kitendanishi. Mtoto mwenye degedege, anayeshindwa kunyonya au kunywa, anayetapika kila kitu au aliyepoteza fahamu, aanze kuhudumiwa mara moja. Vipimo vitafuata.