Watu Sita Ni Wanne na Wawili

Sikukuu ikikaribia, maduka ya mijini hupanga masanduku ya michezo ya mezani karibu na kaunta. Mnunuzi hulichukua moja, huligeuza, na jicho lake hutafuta kitu kimoja tu: wachezaji 2 hadi 8. Hapo moyo hutulia. Nyumbani watakuwa saba, pengine wanane shemeji akija na mwanawe, basi hakuna atakayekosa nafasi. Nyuma ya ununuzi huo kuna imani kwamba mchezo mzuri wa familia ni ule unaobeba watu wote kwa wakati mmoja, na kwamba kadiri unavyobeba wengi ndivyo ulivyo bora. Imani hiyo ni potofu, na imeharibu jioni nyingi kuliko kukatika kwa umeme.

Tufanye hesabu ambayo muuzaji hatakufanyia. Tuseme kila mtu anatumia dakika moja kutupa dadu, kusogea, kulipa na kubishana kidogo. Mkiwa wanane, unacheza dakika moja na kungoja saba. Mkiwa wanne, unangoja tatu. Mtoto wa miaka tisa anaweza kuvumilia dakika tatu. Saba haziwezi, na mjomba wake naye haziwezi, ila mjomba ana simu. Mzunguko wa nne ukifika, nusu ya meza imeinamia simu na kila zamu inaanza kwa swali lile lile: "Sasa ni nani?" Swali hilo likishaulizwa mara mbili tatu, mchezo umekwisha ingawa hakuna aliyeshinda.

Sanduku halikudanganya mtu. Limesema vifaa vilivyomo vinatosha watu wanane. Halikusema wanane hao watafurahi.

Chukua Monopoly, ambayo wengi huiwaza kwanza wakisikia mchezo wa familia. Matoleo yake mengi yameandikwa 2 hadi 8. Kanuni yake ni kwamba anayefilisika anatoka, na wengine wanaendelea mpaka abaki mmoja. Kwa hiyo katika meza ya watu wanane, saba wataondolewa mmoja mmoja, na wa kwanza kuondolewa anaweza kukaa saa nzima akitazama wenzake wakihesabu noti za bandia. Asili ya mchezo huu inaeleza mengi. Mwaka 1904 Mmarekani Elizabeth Magie alipewa hataza ya mchezo aliobuni ili kuonyesha jinsi wenye ardhi wanavyowakamua wapangaji. Huo ndio uliozaa Monopoly ambayo kampuni ya Parker Brothers ilianza kuiuza mwaka 1935. Chimbuko lake, basi, ni somo la jinsi wengi wanavyoumia ili mmoja atajirike, na kazi hiyo bado inaifanya barabara. Sishangai ukiwaliza watoto. Nashangaa tunapouita mchezo wa kuileta familia pamoja.

Wabunifu wenyewe wanalijua tatizo. Catan, mchezo wa Mjerumani Klaus Teuber uliotoka mwaka 1995, umeandikwa 3 hadi 4. Mkitaka kucheza watano au sita mnanunua sanduku la nyongeza, na ndani yake mnakuta kanuni ya ziada inayowaruhusu wengine kujenga kabla zamu zao hazijafika. Kanuni hiyo haina sababu nyingine: watu wawili tu wakiongezwa, kungoja kunachosha kiasi cha kuhitaji dawa. Mchezo ulioshika dunia unakiri hadharani kwamba watu sita wanaulemea, lakini sisi tunaamini sanduku la dukani litabeba wanane bila kuyumba.

Baraza za pwani hazikuwahi kuwa na ugonjwa huu. Bao la kete lina mashimo 32, kete 64 na watu wawili. Likianza namua, kila mmoja ana kete 22 za kuingiza moja moja. Sijasikia mtu akidai lina ubaguzi kwa kuwa wa tatu hana shimo. Keram nayo ni ya wawili au wanne, na ubao wenyewe una pande nne za kukalia.

Lakini mfano mzuri kuliko yote ni dhumna, na hapa naomba msomaji asiyeicheza anivumilie. Vipande ni 28. Wachezaji ni wanne, wawili kwa wawili, mwenzako anakukabili ng'ambo ya meza. Kila mtu anachukua saba na hakuna kinachobaki. Kila namba, kuanzia tupu hadi sita, imo katika vipande saba. Sasa tazama kinachowezekana. Mkononi una tano mbili. Mezani zimeshatoka nne. Imebaki moja, na ameishika mmoja kati ya watu watatu. Raundi iliyopita ncha zilikuwa tano na sita, na mpinzani wako wa kulia alipita, kwa hiyo si yeye. Ni mwenzako au ni yule wa kushoto. Mwenzako alipopata nafasi ya kuziba tano aliiacha akacheza upande wa pili, tena bila kusita. Unamtazama usoni, naye anatazama dari. Unaiacha tano wazi, unakipigiza kipande kingine mezani kwa kishindo, na yule wa kushoto anaanza kuzihesabu upya zilizotoka.

Sasa mwondoe mtu mmoja tu. Watatu wakichukua saba saba, vipande saba vimelala kifudifudi. Ile tano ya mwisho pengine haiko kwa mtu yeyote, hivyo hesabu yako imegeuka kubahatisha. Mwenzako wa ng'ambo hayupo tena. Au mwongeze wa tano: 28 hazigawanyiki kwa watano, na mtu mmoja hana wa kushirikiana naye. Vipande ni vile vile na kanuni zinakaribiana, lakini raha yenyewe imetoka. Idadi ya watu ni sehemu ya mchezo sawa na vipande vyenyewe, na anayeinyoosha idadi ili mgeni asijisikie vibaya amewapunja wote watano.

Ipo michezo mivumilivu, sikatai. Ludo ina rangi nne, na wakikaa watatu pembe moja inabaki tupu bila madhara. Wakiwa wawili kila mmoja anaweza kushika rangi mbili. Karata nazo zinapindika: watatu wanatoa moja kati ya 52 na kugawana 17 kila mtu. Ila hata hapa watatu ndio idadi inayonitia hofu, kwa sababu katika mchezo wowote wa kushambuliana wawili watamwandama mmoja, hasa wakiwa ndugu. Kwa watatu ningechagua kitu ambacho kila mtu anajenga chake. Scrabble ingefaa sana, kama si kwamba ile ya Kiingereza ina A tisa na K moja tu. Jaribu kuandika Kiswahili kwa K moja.

Turudi barazani, kwa yule mtu wa tano. Alikuwa anafanya nini wakati wanne wanacheza? Alitazama, na kutazama ilikuwa kazi. Aliweka hesabu ya mabao, aliwacheka waliofungwa, alikumbusha kosa la wiki iliyopita, na alingoja, kwa sababu aliyefungwa ananyanyuka na mshindi anabaki. Hakujiona ametengwa. Mara nyingi yeye ndiye aliyeuona mchezo vizuri kuliko wachezaji, na alilazimika kujing'ata ulimi asimwonyeshe mtu kete. Imani ya 2 hadi 8 imemfuta mtu huyu. Imetufundisha kwamba asiye na kipande mezani ameonewa, basi kila mtu apewe kipande hata kama atakigusa mara moja kila baada ya dakika nane. Mlinganishe aliyeshika kipande huku anasoma ujumbe kwenye simu na yule anayelitazama bao mpaka wali unapoa. Mimi najua ni nani kati yao aliyemo mchezoni.

Kwa sababu hiyo nasema watu sita si watu sita. Ni wanne na wawili: dhumna huku, bao kule. Wanane ni meza mbili za wanne. Watano ni wanne na mtazamaji mwenye zamu inayokuja. Saba ni wanne na watatu, na kati ya michezo wanabadilishana viti. Kwa bei ya sanduku moja kubwa linaloahidi kila kitu, mara nyingi utapata seti ya dhumna na pakiti mbili za karata, na ubao wa ludo juu yake.

Watu wengi mno kwa meza moja nao wana michezo yao, lakini ni ile iliyobuniwa makusudi ili mtu asingoje. 7 Wonders ya Mfaransa Antoine Bauza, ya mwaka 2010, inachukua hadi saba, na saba hao hawachelewi sana kuliko wanne, kwa sababu wote wanachagua karata kwa wakati mmoja kisha kila mtu anampa jirani zilizobaki. Codenames ya Vlaada Chvátil, ya mwaka 2015, inagawa watu timu mbili. Kiongozi wa kila timu anatoa neno moja la kidokezo na namba, na wenzake wote wanabishana ni maneno gani kati ya 25 yaliyo mezani anayoyakusudia. Hii haihitaji hata kununuliwa ili uijaribu: kata vikaratasi 25, andika maneno ya Kiswahili, chora ramani ya siri ya viongozi wawili, anzeni. Mkizidi kumi, ondoeni meza kabisa. Kitendawili hakijawahi kuuliza mko wangapi, na anayeshindwa anatoa mji, kisha anaendelea kukaa pale pale na wenzake.

Kwa hiyo ukilishika sanduku dukani, muulize muuzaji swali moja: asiye na zamu anafanya nini? Akijibu "anangoja", lirudishe, hata kama limeandikwa 2 hadi 20.

Najua pingamizi litakalokuja. Shangazi atasema sikukuu ni siku ya kukaa pamoja, na kwamba kuweka meza mbili ni kuigawa familia. Kwa heshima zote, familia ilishagawanyika dakika ile watu watano kati ya wanane walipotoa simu. Bibi na mjukuu wakikabiliana kwenye bao kwa nusu saa, mjukuu akafungwa, akadai tena, hao wamekaa pamoja. Wanaolazimishwa kuzunguka meza moja huku kila mmoja akitafuta kisingizio cha kwenda jikoni wamekusanywa tu.

Kama tayari umelinunua sanduku la 2 hadi 8, usilitupe. Lichezeni watatu au wanne, wengine wawe kwenye dhumna, na kubalianeni mapema kwamba mtu wa kwanza kufilisika ndio mwisho wa mchezo. Kila mmoja ahesabu fedha na mali zake, mwenye nyingi ameshinda, na viti viwe wazi kwa wengine kabla chai haijaletwa.